Sauti ya Mdogo Wetu

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila joto tu. Gitaa nimelitia nyuzi mpya, maana bendi yetu, baada ya miaka ya kupiga harusini, ilialikwa kwenye tamasha la kiangazi. Uwanja ulifurika.

Mdogo wetu alishika maikrofoni, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Watu walidhani anawatania, wakamwimbia wimbo wake mpaka mwisho. Walishangilia! Mimi niliendelea kupiga huku machozi yakinitoka.

Daktari anasema ni uvimbe kooni, na umeshaenea. Mama hatujamwambia. Anatamba kwa majirani, "Mwanangu kaimbiwa na uwanja mzima!"

Usimpigie simu, dada. Hawezi kukujibu. Njoo umwone.

Ni mimi nduguyo,
mpiga gitaa