Kuku Ametoka?

Kwamndolwa, Korogwe
Alhamisi, 9 Oktoba 1975

Kwa dada yangu mpenzi Mwantumu binti Hiza,
Kijiji cha Ujamaa Misima, Handeni

Dada, shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kibarazani, miguu haijakuvimba, na shemeji amerudi shamba na afya yake na njaa yake ileile. Watoto wabusu wote, hata yule mkorofi. Sisi huku hatujambo. Mdogo wetu Muhidini mwili ni mzima, anakula, mashavu yamejaa. Mimi mdogo wako usiniulize. Uzuri wangu unazidi kila siku, mpaka mwenye nyumba amelalamika kwamba wanawake wanapita sana mbele ya mlango wake, kumbe njia ya bombani ni hiyohiyo.

Barua yako nimeipata. Nilipoona mwandiko si wa mwalimu wa kisomo bali ni wako mwenyewe, herufi moja imeinama huku na nyingine kule kama mahindi yaliyopigwa na upepo, niliizungusha stesheni nzima. Niliwaambia wapakiaji wenzangu kwamba huyu ni dada yangu, mwaka juzi alikuwa akitia dole gumba, leo anaandika kurasa mbili. Wewe unajua mimi niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa la kunifundisha. (Ukweli unaujua, kaa nao.) Kwa hiyo nimekuandikia kwa herufi kubwa uweze kusoma mwenyewe. Nakuomba usimpe mtu akusomee mpaka ufike mwisho. Ukifika mwisho utajua wa kumpa.

Umeuliza Idi yetu ilikuwaje. Ilikuwa nzuri. Nilivaa kanzu, nikamvalisha Muhidini ya kwake, tukasali, tukarudi chumbani. Nilipika wali ukaungua kidogo chini. Majirani walituletea sahani ya bada, ule ugali wetu wa muhogo, wakaiweka mlangoni wakaenda zao, maana wanamwogopa Muhidini akikasirika. Tukala wawili, hodi haikupigwa tena mpaka jua lilipozama. Mimi niliyelala Mombasa, Arusha na Nairobi, niliyezoea kuingia mahali na watu wakasogea kunipa nafasi, nilikaa siku nzima nikisikiliza Idi ya watu wengine kupitia ukutani.

Hilo la Muhidini ndilo gumu, dada. Si kumwogesha wala kumfulia. Unakumbuka alivyokuwa akizicheka hadithi zangu, hata zile alizosikia mara ishirini, anacheka kabla sijafika penyewe. Sasa namsimulia, nachezesha mikono, nabadili sauti, naye ananitazama kama mtu anayengoja niondoke mlangoni apate mwanga. Kelele zinamuumiza. Honi ya treni inamfanya ajifunike kichwa. Nikimwambia mambo mawili kwa mpigo, analia. Nyumba za hapa anazichanganya, akaingia siku moja kwa watu akavua viatu akalala. Na kila siku, kila tukipita mlangoni, ananishika bega na kuuliza: "Kuku ametoka?" Mimi humjibu kwamba hapa hakuna kuku, twende. Hunifuata mpaka mlango mwingine, anauliza tena.

Lakini usidhani tumetupwa. Hapa hospitalini kuna muuguzi anaitwa Mama Stefania, mwanamke mfupi, sauti kama kengele. Yeye kila Alhamisi anawakusanya watu walioumia kichwa pamoja na ndugu zao, kwenye benchi nyuma ya wodi, mahali zinapoanikwa shuka. Hatoi dawa pale. Anauliza tu, na kueleza. Kwa Muhidini alinieleza hivi: ukilitikisa yai kwa nguvu, ganda halipasuki, lakini ndani kiini kimeshachanganyika na ute. Hayo ndiyo yaliyoupata ubongo wa mdogo wetu. Si wazimu, wala hakuna aliyemtupia. Ni jeraha kama la mguu, ila hili halionekani, ndiyo maana watu hawalionei huruma.

Alinifundisha nimwambie neno moja, ningoje, ndipo niseme la pili. Nimpitishe njia ileile kila siku. Nifunge kitambaa chekundu mlangoni kwetu. Nilikifunga, na tangu siku hiyo hajaingia kwa watu. Vilevile anatupanga zamu wenyewe kwa wenyewe. Yuko mama mmoja, Bernadina, ambaye mumewe Matayo alianguka kutoka juu ya toroli la mkonge na sasa hamjui hata mwanawe wa kwanza. Bernadina anakaa na Muhidini wangu nikiwa napakia mizigo, na Jumapili mimi nakaa na Matayo yeye akienda kanisani. Matayo ananiita Padri. Nambariki.

Kisha kuna jambo la mwisho ambalo Mama Stefania hufanya. Akimaliza na wagonjwa, anamgeukia kila anayeuguza na kumuuliza, na wewe je? Bernadina hapo hulia. Wengine husema hawalali. Mimi kila zamu yangu ikifika nawapa hadithi ya Nairobi, ile niliyoingia kwenye chumba kidogo cha chuma, mlango ukajifunga wenyewe, nikamwamkia mzee aliyekuwa ndani, mlango ulipofunguka nikakuta mtaa wote umehama, nikadhani na Kenya nako wameanza kuhamisha vijiji. Wanacheka mpaka shuka zinatikisika. Alhamisi tisa nimewachekesha. Kwa hiyo swali lake sijawahi kulijibu.

Sasa nije kwenye barua yako. Umesema kuku wako mkubwa wa madoadoa, yule uliyemwokota siku ya kuhama, ametotoa tena, na kwamba siku tukirudi utamchinja. Asante. Umesema pia kwamba baba mdogo Kibwana na wazee wameamua Ijumaa ya tarehe 24 nije Misima, niseme mbele yao, kama kaka mkubwa, kwamba ndoa ya Muhidini na Zamda ivunjwe. Zamda yuko kwao Kwedizinga tangu masika, mmemfukuza. Mama yake hasalimiwi, na akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Na mtoto wao Zuena ameanza kutembea, baba yake hajamwona akitembea. Yote kwa sababu inasemekana mama yule hakutaka binti yake ahame, akamfunga mkwewe kwa uchawi, akamvuta chini ya boriti.

Barua hiyo niliisoma mara saba. Leo nikaenda nayo benchini, iko mfukoni. Mama Stefania alipofika kwangu nikaanza hadithi ya Nairobi, akaniinulia mkono. Alisema hiyo sasa anaijua kuliko mimi, nijibu nilichoulizwa. Dada, nilitia mkono mfukoni nikaishika barua yako. Watu wote wananitazama. Ndipo Muhidini akanishika bega akauliza lile swali lake. Sijui kilichoniingia. Sikumwambia hakuna kuku.

Nilimwambia, "Ametoka."

Akanitazama usoni vizuri, kama zamani. Akasema, "Basi, ita."

Wenzangu hawakuelewa. Mama Stefania aliniuliza nimwite nani. Nikawaeleza pale pale, na sasa nakueleza wewe. Dada, ukifika hapa kaa chini.

Siku ile ya Septemba ya mwaka jana, tulipokuwa tunabomoa nyumba ya Muhidini ili tuhamishie boriti kijijini, Zamda alikuwa ameshatangulia na mtoto mgongoni na vyombo kichwani. Hakuwapo. Unaijua desturi yetu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima kwa pamoja. Wanaoshika kamba zinazozuia boriti wanakaa nyuma, hawaoni ndani. Macho yao ni mwitishaji. Yeye ndiye anayejua nani yuko wapi. Bila neno lake hakuna kamba inayolegezwa, na neno likishatoka hakuna mkono unaongoja. Mwitishaji nilikuwa mimi. Nani mwingine? Mwenye sauti mimi, mwenye maneno mimi.

Muhidini alinijia, akanishika bega, akaniambia taratibu nisiite kwanza, kuku wa madoadoa anaatamia kwenye kona ya jiko, anakwenda kumtoa. Nikaitikia kwa kichwa. Akaingia. Lori la kutuhamisha lilikuwa limesimama, maofisa juu yake, na watu wa kamba wakataka nimalizie hadithi ya Nairobi. Nikaipa nyumba mgongo nikawageukia. Nilipofika pale mtaa ulipohama, hata maofisa wakacheka, dereva akapiga honi. Sijawahi kuchekwa vile maishani. Nikaona kicheko hicho kisipotee bure, kiwape nguvu. Nikaita harambee. Wakaitikia, wakalegeza, boriti ikamshukia Muhidini.

Sikufanya kwa ubaya. Nilimsahau. Ndugu yangu amepoteza akili kwa sababu mimi, mwenye kichwa kizima, nilimsahau kwa dakika moja. Kuku alitoka mwenyewe mbio kabla vumbi halijatulia.

Waliponiuliza, nikasema Muhidini aliingia baada ya mimi kuita. Maneno hayo tu. Sikumtaja Zamda, sikumtaja mama yake. Lakini watu wakajiuliza, mtu mwenye akili timamu ataingiaje chini ya boriti iliyokwisha kuitiwa, kama hakuvutwa? Jibu wakalitafuta Kwedizinga. Mimi niliyechekesha lori zima nikakosa sentensi moja ya kumkinga mke wa ndugu yangu. Mlipomfukuza, nikajitolea kumleta Muhidini huku, mkanisifu kwamba nina moyo. Nilikuwa nawakimbia nyuso zenu.

Nilipomaliza, Bernadina alisogea kwenye benchi akanipa nafasi. Mama Stefania alisema Alhamisi ijayo nije, swali litakuwa lilelile.

Sasa barua hii mpe mwalimu wa kisomo, aisome kwa sauti mbele ya baba mdogo Kibwana na wazee wote, asiruke mstari. Ikishasomwa, wewe mwenyewe uende Kwedizinga, usitume mtu, umsomee mama yake Zamda kwa mdomo wako. Mwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapofika kuomba kwa kinywa changu. Zamda asiambiwe arudi. Aulizwe. Mwambie ugonjwa huu ulivyo, la yai, la kitambaa, la neno mojamoja, asije akarudi akidhani anamrudia Muhidini yule wa zamani. Akikataa ni haki yake, na mimi nitaendelea kumwogesha mdogo wangu. Akikubali, kitambaa chekundu nitakuja nacho.

Ijumaa hiyo nitakuja kweli, pamoja na Muhidini, tutashuka kwenye basi mchana. Wakitaka kunipiga wanipige, ila wasipige kelele karibu naye. Kama utaamua kwamba mimi si ndugu yako tena, niambie kwa mwandiko wako mwenyewe, nitausoma.

Msalimie shemeji, wasalimie majirani wa safu yenu, na wote watakaoniulizia baada ya haya kusomwa, hata wakiwa wachache. Bernadina na mumewe wanakusalimu ingawa hamjaonana. Muhidini amekaa hapa karibu yangu anaitazama kalamu. Leo tumepita milango mingi, hajauliza.

Na yule kuku, dada, usimchinje. Nataka amwone.

Ni mimi mdogo wako,
Mbaruku Hiza