Kifungo Cheupe kwenye Koti Jeusi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wifi na watoto hawajambo, na mgongo wako umepunguza kelele kwa huko kushinda umekaa unaandika. Mimi sijambo, ila macho ndiyo yanalalamika.

Riwaya yako imefika hapa kiwandani, na kama kawaida nimepewa mimi niisahihishe kabla haijachapwa. Watoto wataipenda. Mvulana wako, ambaye ni wewe mwenyewe wa siku zile, anavyokatiza mitaa iliyojaa askari, amebeba nguo zenye barua ndani ya ukosi, hata mimi niliyekuwepo wakati wa vita vile roho ilinidunda. Ila sura ya mwisho uliileta peke yake, bahasha imegandishwa kwa gundi, na machale yakanicheza. Tangu lini unanificha kitu?

Kisha fundi cherehani akaanza kuja. Ndiye yule yule, Kaka, uliyemtia kitabuni bila hata kumbadilisha mguu wake unaochechemea. Jumatatu alisimama nje ya dirisha langu akichungulia. Jumatano akamuuliza mpiga chapa kitabu kinatoka lini. Mimi simwamini mtu, unanijua. Nilifungia karatasi zako kwenye droo, nikamshuku mpiga chapa kuwa kahongwa, nikamwambia mlinzi amkazie macho mzee huyo. Mama si alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako kila tulipopita mbele ya duka lake?

Ijumaa nikafungua sura ya mwisho. Humo fundi anamkabidhi askari koti lenye barua inayotaja maficho ya Mjomba, tena anacheka, na Mjomba anachukuliwa asirudi. Ndivyo tulivyoamini nyumbani miaka arobaini na miwili. Lakini umeeleza pia jambo ambalo mimi sikuwahi kuambiwa, maana nilikuwa mdogo na siri haikukaa mdomoni mwangu: kwamba koti lenye barua lilitiwa kifungo kimoja cheupe, ili wewe na fundi mlitambue. Umeandika kwamba siku ile hakukitia, na ni makusudi.

Nikatoka, nikamkuta mzee kwenye benchi la mapokezi, kofia magotini, nikamuuliza kwa ukali anatafuta nini. Akasema amesikia umemwandika, na anataka kujua kama umesema alisahau kifungo. Kama umesema hivyo, ni haki yako. Yeye anakumbuka kabisa vidole vyake vikikishona, lakini asubuhi makoti yote mawili, la kapteni wa askari na la kwetu, yalikuwa na vifungo vyeusi vitupu, na ni yeye aliyemkabidhi askari aliyetumwa kuchukua la kapteni lile lililokuwa mbele. Tangu siku hiyo haiamini mikono yake. Hakujua kwamba umemwita msaliti, na sitaki ajue.

Kaka, kifungo alikishona. Nilikitoa mimi. Jioni ile Mama alinituma nirudishe mkasi, na fundi alikuwa uani. Nikaona koti jeusi lina kifungo cheupe, nikajisemea fundi wa watu kapitiwa, kesho mwenye koti atamtukana. Nikachukua sindano, nikakata kile cheupe, nikashona cheusi, nikaenda zangu nikijisifu. Nilikuwa na miaka minane na tayari nilikuwa siwezi kuona kosa nikalipita. Sikumwambia mtu kwa sababu sikujua kuna la kusema. Mjomba amekwenda kwa mkono wangu, na ninaona aibu hata kuliandika.

Nilimwambia mzee pale pale. Nilitegemea anipige, au alie. Akauliza kama nina hakika, nami nikasema ninayo. Hakunilaumu. Aliitazama mikono yake, akasema polepole kwamba kumbe alikishona. Akarudia tena, kumbe alikishona, akavaa kofia yake akaondoka.

Kitabu kinaingia mtamboni Alhamisi, na sura hiyo siiachii ichapwe ilivyo, hata meneja anifukuze. Iandike upya. Huyo mtoto mwenye sindano mwingize, mpe miaka yake minane, na usimpendelee kwa kuwa ni dada yako.

Nisalimie wifi, nibusie watoto. Ukinichukia nitaelewa, lakini usikae kimya.

Ni mimi,
mdogo wako.