Nilimkaririsha Binti Yangu Kipimo cha Akili

Bi Hebe mpendwa, nakusikiliza redioni kila asubuhi nikinywa chai yangu ya majani ya mate jikoni, leo naomba unisaidie mimi mwenyewe, maana nimejitia matatani na mwanangu nimemburuta humo humo. Binti yangu Abril ana miaka minane, kusoma kunamshinda, herufi anazijua lakini zikikaa pamoja zinamchanganya, na mwalimu wake akatuita akasema apelekwe kwa mwanasaikolojia apimwe akili, nami niliposikia kupimwa akili nikaona aibu, nikafikiri wanataka kumwita mjinga wamhamishe shule, basi wifi yangu Zulma, aliyesoma saikolojia kidogo chuoni kabla ya kuacha, akaniambia tulia, kipimo chenyewe nakijua, akatuchorea vipande vyake na picha za kupanga, kaka yangu seremala akatuchongea vipande hivyo vya mbao, tukavipaka rangi nyekundu na nyeupe, na likizo nzima ya baridi wenzake wanacheza nje sisi tuko mezani, panga hivi, panga vile, mpaka mtoto akawa anapanga huku anatazama pembeni, na maswali ya mdomo Zulma akamkaririsha majibu yake, nami nikamwambia Abril asimwambie mtu, hata baba yake.

Alama alizopata zilikuwa za juu sana. Tulichoma nyama, Rubén mume wangu akalia kwa furaha. Halafu ndipo nikaelewa kipimo kilikuwa cha nini: walitaka kumpa mwalimu wa kukaa naye darasani amsaidie kusoma, na sasa wanasema hahitaji, akili anazo nyingi, tatizo lake uvivu. Siku hizi nikimfunga vifungo vya koti lake jeupe la shule anavifungua tena kimoja kimoja. Juzi akaniuliza, "Mama, kama nina akili hivyo, mbona kusoma siwezi?" Nikamwambia ale mkate wake.

Ijumaa shule inaamua watoto gani watapewa walimu hao. Nikisema ukweli, Rubén na mwalimu watanionaje?

Nélida, Rosario

Nélida, pole, na sikutanii. Mama yeyote akisikia mwanawe anapimwa akili moyo unamlipuka. Lakini sasa kaa nikuambie. Mtoto akiwa na homa, humkandi maji baridi mlangoni kwa daktari ili kipimajoto kisome vizuri. Ninyi ndivyo mlivyofanya, tena likizo nzima. Na huyo Zulma! Hapa mjini Rosario nani hajasoma saikolojia kidogo? Hata kinyozi wangu ananichambua ndoto huku ananikata nywele. Msalimie, mwambie apumzike.

Mtoto aliyeshika yote hayo kwa likizo moja si mjinga. Kusoma kunamshinda kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo waliyokuwa wanaitafuta mkawafungia mlango.

Unauliza watakuonaje. Watakukasirikia, unafikiri watakupigia makofi? Rubén atanuna, hasa akikumbuka ile nyama, kisha hasira itamwisha. Abril je? Kila siku anaitwa mvivu shuleni, anajua kabisa alama zile zilitoka wapi, na hajafungua mdomo, kwa sababu mama alimwambia asiseme. Hilo limeniuma kuliko yote.

Kwa hiyo leo, kabla ya chakula, mwambie mumeo. Kesho asubuhi mpigie mwanasaikolojia, usizunguke, sema, "Tulimfundisha." Atakugombeza, kisha atajua la kufanya, vipimo si hicho kimoja, na safari hii mtoto aende bila kufundishwa na mtu. Ukitoka hapo nenda kwa mwalimu, na usingoje Ijumaa. Vile vipande vya mbao usivitupe, mpe ajengee anachotaka.

Na lile swali lake. Mtoto kafikiri kwa akili zake mwenyewe, hakuna aliyemkaririsha, wewe ukampa mkate. Mjibu leo hii, baba yake akisikia: "Akili unazo, mwanangu. Panapokuuma kwenye kusoma papo kweli, mimi ndiye niliyepaficha."