Mtani wa Fisi

Mtani,

Salamu nyingi sikupi, maana Mngoni akisalimiwa sana huvimba kichwa. Nakuandikia kwa sababu hapa Mitole sina tena mtu wa kutukanana naye, na maneno yamenijaa mdomoni.

Kwanza nikusimulie tulivyokuzika. Ulitaka ulazwe hapa kijijini, na ndugu yako aliyekuja kutoka Songea akakubali. Kwa kuwa mimi ni Mmatumbi na wewe Mngoni, watani tangu enzi za mababu, kazi ya utani iliniangukia mimi. Nikavaa koti lako la kaki, nikatembea mbele ya jeneza kwa ule mwendo wako wa ndege mumbi, hatua ndefu, kichwa mbele, utadhani unatafuta mjusi majanini. Watu walicheka hadi mama mmoja akakaa chini. Kisha nikalala njiani, nikasema maiti haipiti mpaka Wangoni walipe faini ya panya wetu wote waliowala. Ndugu yako akanipa kuku. Kazi yangu niliifanya vizuri, Mtani. Lakini mtani msibani ni wa kuchekesha, si wa kulia, na hakuna aliyenionya kwamba hilo litaniuma kiasi kile.

Nyumba yako amepewa mwalimu mpya wa Kiingereza, kijana mpole, amepanda mchicha pale ulipokuwa ukianika soksi. Baiskeli aliichukua ndugu yako. Mimi niliomba kitu kimoja tu, lile boksi la ndala.

Ndala zile jamani. Mtu mzima unazunguka kijiji unaokota ndala zilizokatika, unazichonga kwa kisu nyayo za ngiri, za kuro, za chui, halafu alfajiri unazigonga kwenye vumbi la njia ili watoto wakija shule wasome nani kapita. Unakumbuka ile ya chui uliyoigonga njia ya kisimani? Kina mama walirudi na ndoo tupu, mwenyekiti akampigia simu askari wa wanyamapori, na wewe ukasimama katikati ya mkutano umeshika ndala ya kushoto. "Chui mwenyewe huyu hapa," ukasema, "anavaa namba tisa." Mimi nilijifanya sikujui.

Mchezo nilioupenda kuliko yote ulikuwa ule wa watani. Uliandika majina ya wanyama wa bondeni kwenye vikaratasi, ukavitia kwenye kofia, kila mtoto akaokota chake. Sheria yako ilikuwa nyepesi: uliyemwokota ni mtani wako, mtukane upendavyo, lakini akipatwa na shida uwe wa kwanza kufika. Mpaka leo kuna watoto wanaoitana Nyati na Kwale.

Rehema wa darasa la tano aliokota fisi, akalia, kwa kuwa kwao fisi husemwa kuwa ni usafiri wa wachawi. Ukachuchumaa mbele yake. "Mwenzako kaokota swala, mzuri lakini kazi hana. Wewe umepata mtani anayefagia bonde zima." Akapangusa pua, akakikunja kile kikaratasi, akakitia kwenye soksi.

Ulipoondoka, mwalimu mkuu alinikabidhi kikundi chako cha watoto wa Alhamisi, kile cha kujifunza wanyama. Alhamisi ya kwanza nikawakalisha darasani, nikaandika ubaoni: fisi ni mnyama anayekula nyama. Wakanakili. Alhamisi iliyofuata nikaandika kuhusu ngiri, wakanakili tena, na mmoja akasinzia. Baada ya hapo wakaanza kupungua. Huyu anaumwa tumbo, yule ameitwa kuokota korosho. Hisabati naiweza, Mtani, kucheza siwezi, na watoto walishaliona hilo. Nikaamua kumwambia mwalimu mkuu kwamba kikundi kife tu. Niliona heri kife kwa heshima kuliko kufia mikononi mwangu kidogo kidogo.

Jioni hiyo nilifungua lile boksi ili nizigawe zile ndala. Chini kabisa nikakuta ndala moja ambayo hukuimaliza, vidole viwili tu vimechongwa. Sijui alikuwa mnyama gani. Nikalia pale sakafuni, nikakilia kile kilio chote ambacho msibani sikuwa na nafasi nacho.

Kesho yake asubuhi Rehema akaja kwangu mbio. "Shikamoo, Mwalimu. Mtani wangu anataka kuuawa."

Fisi walikuwa wamevunja banda la baba yake, wakamla mbuzi jike aliyekuwa ananyonyesha, wakabakiza nusu. Baba Rehema kaapa kuutia sumu ule mzoga na kuutupa bondeni, warudi wamalizie na wamalizike. Wewe ulishatufundisha kinachofuata: atakufa fisi, watakufa na tumbusi watakaomla fisi, na mbwa wa watu pia. Nilikwenda na Rehema nikiwa nimepanga hotuba nzima kichwani, unazijua hotuba zangu. Sikupata nafasi ya kuitoa.

Tulipofika uani Rehema alipita katikati ya wanaume, akalala chali njiani mbele ya gunia lenye mzoga, akakunja mikono kifuani. Baba yake akamwamuru aondoke. Akasema haondoki mpaka apewe chake, kwa kuwa yeye ni mtani wa marehemu.

"Marehemu gani?"

"Fisi. Hajafa bado, lakini mimi nimewahi msiba."

Kisha akaanza kumtukana fisi, Mtani, laiti ungemsikia. Mlafi huyo. Hana haya wala hana hodi. Miguu ya nyuma mifupi kama suruali iliyoshonwa na fundi mlevi. "Lakini ni wangu," akasema, "na leo hazikwi."

Jirani mmoja alicheka, akafuatiwa na mwingine. Baba Rehema hakucheka. Si mtu mbaya, na mbuzi yule alikuwa na thamani kwake. Kitoto cha mbuzi huyo kilikuwa bado kinalia bandani. Lakini mtani akishalala njiani humruki, na hilo hata mwenye hasira analijua. Akauliza kwa sauti ya mkato, faini ni nini. Rehema akasema mzoga wote uzikwe chini sana, na banda lizungushiwe miiba. Miiba wataikata yeye na watani wenzake.

Baba yake aliiangalia chupa ya sumu aliyokuwa ameishika. Mwishowe akaifunga kizibo, akamwambia mdogo wake alete jembe.

Kabla ya adhuhuri wakawa wameshafika, Nyati, Kwale, Ngiri, na hata yule aliyekuwa akiumwa tumbo kila Alhamisi. Walikuja wakiburuta matawi ya miiba na kutukanana njia nzima. Mimi sikuwaita. Nilisimama pale na hotuba yangu, sina wa kumpa, nikaona heri nishike panga.

Banda lilipokamilika Baba Rehema akaja akasimama karibu nami, anafuta jasho. "Mwalimu," akasema, "hivi yule Mngoni mlimzika kweli?"

Watu wakacheka. Nilitakiwa nijibu kwa tusi, kama desturi yetu ilivyo, na matusi yako ninayo tele. Nikakosa hata moja. Nikamwambia, "Mimi nilidhani tulimzika."

Kwa hiyo kikundi chako hakifi, Mtani. Nakuahidi ubaoni sirudi tena. Alhamisi hii tunashuka bondeni, nami nitajifunza kucheza, hata kama watoto watanicheka, na najua watanicheka. Ile miiba sijui itazuia kwa muda gani, maana fisi ni fisi. Wakirudi kuibomoa, nasi tutarudi kuijenga.

Sasa pumzika. Dua nakuombea kwa Uislamu wangu, wewe zipokee kwa Ukatoliki wako, Mungu atatusikilizanisha. Ila umeondoka bila kuniaga, Mngoni wewe, na kwa hilo nakutoza faini. Siku yangu ikifika, usimtume mtu. Njoo mwenyewe unipokee.

Mtani wako,
Zuhura