Nimefuma pingu za kondoo, lebo inasema hakuna mnyama

Bi Albina, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana, na hii ya nne naiandika kwenye simu ili nisiwe na cha kuchana.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, kwetu Unguja, naishi Guangzhou mwaka wa tisa huu na mume wangu Burhani, ambaye anasafirisha mizigo ya watu kwenda Dar, na kazi yangu mie ni kuwanunulia wateja vitambaa soko la Zhongda, lakini mikono yangu haijui kukaa bure, nikingoja fundi nafuma, nikingoja gari nafuma, ndani ya metro nafuma, na ndivyo alivyonikuta Mueni, dada wa Kikenya anayeishi Ujerumani, siku alipokuja kununua nguo soko la Zhanqian, akasimama akanitazama vidole, akaniuliza kama naweza kumfumia kitu cha dukani kwake. Nikasema naweza. Akanionyesha picha.

Bi Albina, ni pingu. Si za polisi, ni pingu laini za uzi, za mikono na za miguu, pamoja na kitambaa cha kufunga macho na ukanda wa shingo wenye pete, kwa ajili ya watu wazima waliokubaliana, wengi wao mke na mume, ambao hufungana chumbani kwao na kufunguana wakimaliza. Alinieleza hivyo bila kupepesa macho, kama mtu anayeeleza mapazia, na mie nikaitazama ile picha kwa muda nikaona ukanda wa shingo umefumwa vibaya pembeni, nikamwambia mie ningefuma vizuri zaidi, na hapo nikawa nimeshaingia.

Sharti lake lilikuwa moja tu. "Ilham, nisikize poa," aliniambia, "wateja wangu hawagusi kitu chochote kimetoka kwa mnyama. Chochote. Wakipata mnyama hapo ndani, mimi kwisha." Nikamwambia nimeelewa, na wallahi nilielewa. Akataka kila pingu ishonwe lebo ndogo, juu Kiswahili chini Kijerumani, hakuna mnyama, na lebo nikaenda kuzichapisha mtaa wa Kangle kwenye karakana ya mtu ninayemjua.

Sasa kosa ni hili. Sisi Waislamu wa huku tuna swali moja tunaloliuliza kila mahali, kwa muuza tambi, kwa muuza viatu, kwa muuza mikoba, maana viatu vingi ndani vina ngozi ya nguruwe, basi unauliza "zhu?", yaani nguruwe, mwenzio anajibu "meiyou", hakuna, unakula, unavaa, maisha yanaendelea. Nimeliuliza swali hilo miaka tisa. Nikaingia Zhongda kutafuta uzi mwekundu na ngozi ya bitana, mdomo ukafanya kazi yake wenyewe, "Laoban, zhu?", na laoban, yaani mwenye duka, akasema meiyou, meiyou, akaweka mkono kifuani kuapa, akaniambia "yang", kondoo huyo, na mie, Bi Albina, nikafurahi. Nikamshukuru. Nikachukua uzi wa kondoo, ngozi ya mbuzi na vifungo vya pembe ya nyati, vyote halali tupu, nikafuma jozi arobaini na vitambaa vyake vya macho, nikashona lebo.

Aliyenizindua ni rafiki yangu Flavia, mwenyeji wa Moshi, naye ni mfanyabiashara wa nguo. Alikuja kwangu mchana kunywa chai, akachomoa uzi mmoja akauchoma kwa kibiriti, kama tunavyofanya sote sokoni kujua pamba kama kweli ni pamba. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Si ulisema haina mnyama?" akaniuliza.

"Haina nguruwe," nikamjibu, na nikajisikia mwenyewe.

Flavia anasema nitume tu, nani atachoma pingu zake aone? Mzigo unaondoka Ijumaa na Mueni ameshawatangazia wateja. Nikisema ukweli nampoteza, na yeye ndiye mtu wa kwanza tangu nije nchi hii aliyenunua kitu nilichokifanya kwa mikono yangu, si kitu nilichokwenda kumchukulia kwa laoban. Kuniambia "kazi yako ni safi" aliniambia yeye, nami nililia kwenye ngazi. Juu ya hayo Burhani anaamini ni vifaa vya hospitali. Sikumdanganya, aliniuliza kama ni vya wagonjwa nikamwambia chai yake inapoa. Amechukua jozi moja anavaa ghalani akinyanyua mizigo, anasema vifundo vya mikono vimepona, na Othman wa msikitini ameshaomba jozi ya magoti ya mama yake.

Nitume ninyamaze, au niseme nimkose Mueni?

Ni mimi Ilham, Guangzhou. Jina langu liache lilivyo, kina Ilham tuko wengi huku.

*

BI ALBINA ANAJIBU

Marahaba, Ilham. Sikukucheka. Nilicheka kidogo tu kwenye vifungo vya pembe ya nyati, maana hapo ulikuwa umefika mbali sana.

Nilipoona neno pingu nilishika kalamu ya kukemea, nikijua utaniuliza kama ni aibu. Hukuuliza, umeniokolea nafasi. Watu wazima wawili waliokubaliana na mlango wao umefungwa si kazi ya ukurasa huu, na wasomaji wanaojiandaa kuniandikia kuhusu maadili wapumzike, wiki hii tunazungumzia uzi.

Kosa lako la kwanza nakusamehe. Mdomo uliozoea swali moja huuliza swali hilo hilo hata mbele ya mteja wa aina nyingine, na yule mwenye duka alikujibu kweli tupu. Lakini hilo lilikuwa kosa mpaka Flavia alipowasha kibiriti. Ukiutuma mzigo Ijumaa, litakuwa jambo jingine, na jina lake unalijua vizuri kuliko mimi.

Huyo Flavia mpende, mnywe chai, ila ushauri wake urudishe ulikotoka. Anauliza nani atachoma pingu zake. Hakuna. Ndiyo maana ni vibaya. Wewe umefuma kitambaa cha kufunga macho, hebu fikiri kinavyotumika. Mtu aliyefungwa macho na mikono hawezi kusoma lebo. Anamwamini mwenzake, mwenzake anamwamini Mueni, na Mueni amekuamini wewe. Watu hawa mchezo wao wote umesimama juu ya jambo moja, kwamba lililosemwa ndilo lililopo, na mtu akisema basi, ni basi. Wanakushinda adabu, mdogo wangu, samahani kukwambia.

Sasa fanya kazi. Ukimaliza kusoma hapa, kabla ya kuosha hata kikombe, mrekodie Mueni kwa sauti yako mwenyewe, usiandike, maana kwenye maandishi utajipamba. Mwambie uliuliza nguruwe tu, umenunua kondoo, mbuzi na nyati, mzigo wa Ijumaa hautoki, na unaomba muda wa kufuma upya. Usimweleze maisha yako. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha chukua mkasi ukate lebo zote themanini, kila pingu yake, usimwachie fundi, ukate wewe.

Halafu rudi Zhongda na kibiriti. Safari hii uliza kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia, na uulize hariri, kwa sababu hariri inatoka kwa mdudu na kwa wateja wa Mueni mdudu naye ni mnyama. Uliza na gundi ya hizo bitana, ipo inayochemshwa kwa ngozi na mifupa. Chukua uzi wa pamba uliosokotwa kwa kubana, haukuni ngozi na unafulika. Uzi wa plastiki hauna mnyama kweli, lakini mkono unatoka jasho ndani yake, uweke kwenye mapambo. Cha macho kifume kwa uzi wa mwanzi, ni laini. Bitana tumia mkanda wa pamba, ule wa begi, kwani kitu cha kufuma hunyumbuka, na kikinyumbuka mtu akivuta, hukaza pabaya. Vifungo viwe vya mbao, na viwe vya kufunguka kwa kidole kimoja. Hilo la mwisho hukuulizwa, lakini fundi mzuri haulizwi.

Burhani mwambie leo jioni mkila. Ameoa mwanamke anayefuma kwenye metro, atalihimili. Jozi yake mwachie, ni sufu na ghala lina baridi. Ila mweleze ni kitu gani kabla Othman hajampelekea mama yake, mama wa watu asije akaulizwa msibani amekinunua wapi.

Unaogopa kumkosa Mueni. Huenda ukamkosa, sikudanganyi. Lakini alichokisifu ni mikono yako, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyoshona lebo. Ukikaa kimya, kila akikusifu utasikia harufu ya nywele.

Na kama bado unasita, kumbuka ulivyoishi huko. Miaka tisa umeingia hoteli za watu usiowajua, umeuliza swali lako, mtu amekujibu meiyou kutoka jikoni, ukanawa ukala. Hukuwahi kuingia kuangalia sufuria. Sasa Ilham, jikoni uko wewe.