Mashine Iliyonyamaza

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zangu na za nyumba nzima. Natumai kifua kimepona na baridi ya bweni imekuzoea, maana wewe hutaizoea. Sisi hapa tunaendelea. Nimeandika "tunaendelea" kwa sababu "hatujambo" imekataa kutoka. Nivumilie, nitafika huko polepole. Unanijua, hata chumvi mezani naiomba kwa kuzunguka.

Likizo hii nafanya kazi kwa mjomba. Ana seva mbili, kompyuta kubwa anazokodishia wateja, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi, chumba cha baridi hadi navaa sweta lako, samahani. Seva hizo zimegawanywa kuwa mashine pepe nyingi, kila mteja na yake. Shuleni haya tunafundishwa kwa lugha ya darasani, kwa hiyo mama aliponiuliza nilihangaika kidogo. Nikamwambia ni nyumba moja yenye wapangaji wengi, na kila mpangaji anaamini nyumba nzima ni yake. Akacheka, akasema basi yeye amezaa mashine pepe mbili.

Kazi yangu ni kutazama skrini na kugawa. Mjomba ameahidi wateja kumbukumbu, yaani nafasi ya mashine kufanyia kazi, nyingi kuliko iliyomo kwenye seva, akijua hawataihitaji wote kwa mpigo. Anayelemewa anaongezewa, anayeonekana hana shughuli anapunguziwa. Mteja mmoja, mhasibu wa chuo, hupiga simu kutwa, na mjomba amempachika jina la Kichanga kwa jinsi anavyolia. Anapewa. Sheria ya mjomba ni fupi: aliyenyamaza ameshiba.

Kulikuwa na mashine ya zahanati moja. Kwenye skrini prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ilikuwa kama imelala, nami nikaipunguzia kumbukumbu nikampa Kichanga. Kesho yake nikapunguza tena. Kumbe haikuwa imelala. Ilikuwa imebanwa hadi kila kitu inakihamishia kwenye diski na kukirudisha, na muda wote inaingojea diski, ambayo ni ya polepole, ndiyo maana prosesa haikuwa na la kufanya. Kadiri nilivyoinyima ndivyo ilivyozidi kuonekana haina haja.

Muuguzi mwenye zahanati alikuja mwenyewe. Nilijiandaa kugombezwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaeleza kwamba wagonjwa wanangoja faili zao zifunguke mpaka wengine wanakata tamaa na kurudi nyumbani. Mjomba akamuuliza mbona hakupiga simu.

"Nilidhani wenzangu wana shida kubwa zaidi," alisema.

Nikamrudishia kumbukumbu yake, nikaiwekea kiwango ambacho hakitaguswa na mtu. Mashine ikaamka. Mjomba hakunikemea, alisema hata yeye angeisoma skrini vilevile.

Kaka, jioni hiyo nilimtazama mama. Alinisogezea sahani yake, akasema ameshiba, kama anavyosema tangu uondoke. Gauni limemning'inia mabegani. Nikamuuliza, akanipa jibu la kupita. Nikauliza tena, mimi nisiyeuliza. Aliniambia huku anaosha vikombe, amenipa mgongo. Ni uvimbe tumboni. Aliujua kabla hujasafiri. Daktari alitaka aanze matibabu mara moja, yeye akaona kwanza wewe uende, kisha mitihani yangu ipite. Sasa wanasema upasuaji hauwezekani tena, kilichobaki ni kutuliza maumivu.

Amenikataza kukuambia mpaka umalize masomo ya mwaka huu. Kwenye simu huwa kando yangu na spika imefunguliwa, ndiyo maana unanisikia nikisema tu kwamba mama mzima. Nimekudanganya, nami sitaki kukudanganya tena. Leo nimemvunjia mama amri, na utakapofika utanisaidia kumwomba radhi. Usingoje mitihani, kaka. Mitihani itarudi.

Hajasema anataka uje, na ukimuuliza atakataa. Ila jana alinituma nilianike godoro lako juani, eti lina unyevu. Halina unyevu wowote. Nililigeuza pande zote mbili, naye akasimama mlangoni akilitazama mpaka jua likaondoka uani.

Mjomba anakusalimu sana. Mama naye angekusalimu, lau angejua naandika. Safari yako iwe nyepesi.

Mdogo wako akupendaye,
kitindamimba wa nyumba hii