Koki ya Bondeni

Jumanne, 2 Julai 2024

Mafunzo ya kwanza. Watu kumi na wanne ndani ya ghala la magunia, baridi ya Litembo inaingia mpaka kwenye mifupa, na mimi na slaidi zangu thelathini na mbili. Slaidi ya tano, umeme ukakatika. Sikufika kwenye maji.

Na maji ndiyo yaliyonileta. Mtambo huu wa ushirika unamenya kahawa mbivu na kuiosha. Maji yanayotoka hapo ni machachu, yana rangi ya matope, yananuka kama pombe iliyoharibika. Yanatakiwa yaingie kwenye mashimo matatu, yatulie, yanywee ardhini. Tarehe 18 anakuja mkaguzi wa cheti cha mazingira. Kabla ya hapo niwe nimewafundisha wafanyakazi wote na kuweka sahihi kwenye fomu kwamba wameiva.

Wananiita Mwalimu. Nikigeuka, wanaongea Kimatengo na kucheka. Mimi ni mtu wa Liuli, wa ziwani. Sielewi hata neno.

Mzee Placidi, fundi wa mtambo, aliuliza swali moja tu: mashimo yakijaa, tufanyeje? Nikamwambia hilo liko slaidi ya kumi na tisa, tutafika.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sisi huko tunafika kila siku saa saba."

Walicheka wote. Mpaka sasa nimekasirika.

Ijumaa, 5 Julai

Saa saba nilishuka mwenyewe kuangalia.

Mashimo yamejaa mpaka juu. Yalichimbwa wakati wanachama wa ushirika hawakufika nusu ya wa sasa. Tangi la kuoshea nalo limejaa. Mzee Placidi akainama, akafungua koki ya chini, na yale maji yakashuka kwenye majani kwenda mtoni. Moja kwa moja! Kwenye mto huo huo ambao watu wa kitongoji cha chini wanachota. Nimewauliza. Wamezoea, wanachota asubuhi tu, kabla mto haujabadilika rangi.

Nilimfokea. Mzee wa kumzidi baba yangu, na sikuwa hata nimemwamkia. Yeye akafunga koki taratibu, akafuta mikono, akasubiri nimalize. Nikakumbuka, nikasema shikamoo. Akasema marahaba.

Nikamwuliza nani anamwagiza. Akasema bosi. Bosi anasemaje? Hasemi kitu. Anasimama pale juu kwenye ngazi, anaangalia tangi, anainamisha kichwa kidogo — akanionyesha — halafu anarudi ofisini.

Basi ndivyo ilivyo. Hakuna barua, hakuna neno. Kichwa tu.

Akaniambia mteremko ule ungelimwa ngolo, maji yasingefika mtoni. Yale mashimo yao ya shambani: wanalaza nyasi kwa miraba, wanazifunika udongo, katikati panabaki shimo. Nikamjibu kwamba mwongozo wa cheti hautaji ngolo. Akarudi kwenye mtambo wake.

Jumatatu, 8 Julai

Mafunzo ya pili, bila projekta. Nimeongea saa mbili. Nikauliza maswali, wakaangalia sakafu. Hyasinti wa kwenye mizani alisinzia akiwa amesimama — sijui anawezaje.

Mama Vitalia, msimamizi wa meza za kuchambulia, alinifuata baadaye. Yeye ni katekista kwenye kigango chao. Akasema shida yangu naongea sana, watu hawapati pa kushika. Akaomba karatasi zangu, atanisaidia. Nilimshukuru sana. Nilifurahi, nakiri.

Alhamisi, 11 Julai

Sijui nicheke au nilie.

Mama Vitalia aliwapanga mistari miwili, akasimama mbele, mikono nyuma.

Maji taka ya kahawa ni nini? Wote kwa pamoja: ni maji yaliyoosha kahawa, yenye uchachu, yanayodhuru viumbe. Yanatakiwa kwenda wapi? Kwenye mashimo matatu, moja baada ya jingine. Sauti zinapanda na kushuka kama watoto wanaojiandaa na kipaimara. Hakuna aliyekosea. Hyasinti alimalizia na "Amina", akapigwa kiwiko.

Swali la mwisho: nani anawajibika kwa koki?

"Aliyeishika!"

Hilo nimeliandika mimi. Ukurasa wa nne: kila mfanyakazi anawajibika kwa kifaa anachokishika. Nililiona zuri nilipokuwa naliandika.

Meneja, Bwana Joakim, alipiga makofi. Akasema tangu aanze kazi hajaona mafunzo yaliyoshika namna hii. Kisha akapanda ngazi, akaangalia tangi, akainamisha kichwa. Mzee Placidi akatoka kwenye mstari, akaenda kufungua koki.

Mama Vitalia alikuwa anakusanya karatasi zangu, anazipanga vizuri.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa (mimi Mwanglikana nilikaa benchi la nyuma) Mama Vitalia aliniambia twende. Tukapanda mpaka shambani kwa Mzee Placidi. Mteremko mkali, nilishika majani nisianguke. Na kote ni ngolo, shimo kwa shimo, mpaka juu. Hakuna mfereji hata mmoja. Nilichimbua kwa kidole: udongo mweusi, bado una unyevu, na mvua iliisha zamani.

Miaka minne chuoni nimejifunza kuzuia maji kwenye miteremko. Mzee huyu aliniambia jibu kwa sentensi moja, nikamjibu kuhusu mwongozo.

Mama Vitalia akasema siku moja inatosha kuulima ngolo ule mteremko wa mtambo. Wataitana ngokela, kama wanavyoitana kulimiana mashamba: wanaume wafyeke na kulaza nyasi, wanawake wachimbe na kufunika. Watu arobaini, jioni kazi imekwisha. Mtambo usimame siku hiyo moja tu.

Nikawauliza kwa nini hawakusema siku zote hizi.

"Binti yangu Beata ameolewa kitongoji cha chini," akasema Mama Vitalia. "Anaogesha mtoto kwa maji yale. Ulidhani hatujui, Mwalimu?"

Mzee Placidi alikuwa anang'oa magugu, hakunyanyua uso. Akasema walishasema, mwaka juzi. Waliambiwa wasubiri mtaalamu.

Mtaalamu ndiye mimi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Joakim. Nimeomba siku moja.

Amekataa. Kwa upole, kanikaribisha na chai. Msimu uko kileleni, kahawa mbivu haiwezi kulala. Msimu ukiisha tutaona. Nikasema basi sitaweka sahihi, kwa sababu huwezi kusema watu wameiva wakati koki inafunguliwa kila siku.

Akasema sijaelewa fomu ni ya nini. Mkaguzi asipoona kitu, vizuri. Akiona, ushirika una ushahidi kwamba fundi alifundishwa.

"Mtu kafundishwa, kaenda kinyume. Hilo linakuwa lake, siyo letu."

Nikamwambia ni yeye anayemwagiza. Akaniuliza kwa mshangao kabisa: amemwagiza lini? Kwa maandishi gani?

Miaka ishirini na miwili Mzee Placidi yuko kwenye mtambo huu. Na mimi wiki mbili nimekuwa natengeneza karatasi ya kumfukuzia. Nimemkaririsha na maneno yenyewe. Aliyeishika!

Nisipoweka sahihi? Wataleta mwingine mwenye shahada. Au watasema mafunzo hayakufanyika, na cheti kikikosekana wote kumi na wanne watanilaumu mimi. Nimelizungusha hili kichwani siku nzima. Kila upande nauona uoga wangu.

Jumatano, 17 Julai

Nilikwenda kumwambia Mzee Placidi fomu ile ni ya nini. Alikuwa anapaka grisi. Akaniuliza mama hajambo huko Liuli. Nikasema hajambo.

Nikaondoka.

Alhamisi, 18 Julai

Saa tatu simu: mkaguzi amepita Kitai. Bwana Joakim kavaa koti. Ngazi zimefagiliwa mara mbili.

Saa tano akafika, mama mmoja mpole, viatu vya shamba. Hakutaka chai. Mistari ikapangwa, wakajibu yote bila kosa. Akatabasamu, akaandika. Halafu akasema anaomba kazi iendelee kama siku nyingine, yeye ataangalia tu.

Bwana Joakim akapendekeza waangalie kwanza vitabu. Mkaguzi akasema baadaye. Akakaa kwenye jiwe karibu na tangi. Akakaa tu.

Fomu nilikuwa nayo kwenye faili. Haina sahihi. Bwana Joakim alishaniuliza mara tatu kwa macho.

Saa saba tangi likajaa. Mzee Placidi akazima mtambo, akashuka, akapiga goti, akashika koki. Hakufungua. Bwana Joakim alikuwa juu ngazini anaangalia milima ya mbali, shingo imekakamaa kama ubao. Tukasubiri. Mzee Placidi akavua kofia, akanyanyua uso, akasema kwa sauti ya kawaida ya kazini:

"Bosi, leo hujainamisha kichwa. Nifungue au nisifungue?"

Mkaguzi akaacha kuandika.

Bwana Joakim akacheka kidogo. Akasema haelewi fundi anazungumzia nini, wafanyakazi hawa wamefundishwa, na aliyewafundisha yupo hapa. "Mwalimu, hebu mweleze mgeni ulimfundisha nini huyu mzee."

Wakageuka wote. Mama Vitalia, Hyasinti, mkaguzi. Mzee Placidi bado amepiga goti, mkono kwenye koki, ananiangalia bila haraka, kama siku ile nilipokuwa namfokea na yeye anasubiri nimalize.

Nikasema nakwenda kuleta daftari la mafunzo.

Niko ghalani. Daftari ninalo, liko magotini, ndilo ninaloegemezea haya ninayoandika. Fomu iko juu yake. Hakuna anayeniita. Mtambo umezimwa, kwa hiyo nasikia kila kitu: bomba la juu bado linaingiza maji, yamefika ukingoni mwa tangi, yameanza kudondokea chini kwenye saruji.